Kambi ya karafuu Mkoani: Jiko la pamoja laokoa pato la mchumaji

MSIMU wa karafuu unapofunguka, kisiwa cha Pemba huhama. Vijana huacha mitumbwi na vijiwe vya bodaboda, akina mama hufunga vibanda vya maandazi, na watu kutoka Unguja na Tanga hushuka katika bandari ya Mkoani na vifurushi vyao kichwani. Wote wanakwenda mikarafuuni. Wengine wana ndugu wa kuwapokea, lakini wengi hawana, na hao huishia kambini kwa mwezi mmoja, miwili au zaidi.

Msimu mkubwa huanza kiasi cha mwezi Julai na huvuta hadi mwishoni mwa mwaka. Katika kipindi hicho mazungumzo yote ni ya bei: bei ya kilo moja ya karafuu kavu kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), na bei ya kuchuma pishi moja ya karafuu mbichi shambani. Bei ya tatu haizungumzwi sana, nayo ni gharama ya mchumaji kulala na kula kila siku anayokuwa mbali na kwao. Wachumaji wengi huifahamu siku ya mwisho, wanapohesabu noti na kukuta mwezi mzima wa kupanda miti mirefu umewaachia nauli ya kurudia na zawadi ya watoto.

Gharama hiyo inaweza kupangwa kabla mtu hajapanda boti. Inaweza pia kupunguzwa kwa zaidi ya nusu bila mtu kulala na njaa.

Wilaya ya Mkoani, moja ya wilaya mbili za Mkoa wa Kusini Pemba, ina vilima vilivyojaa mikarafuu. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuwa shamba kuu la zao hili, na tangu hapo tatizo lake limekuwa lile lile: miti ni mingi kuliko mikono. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wenye mashamba walilazimika kutafuta wachumaji wa malipo na kuwavusha kutoka Unguja na kwingineko. Chama cha wakulima wa karafuu kilichoanzishwa mwaka 1927, wakati wa ukoloni, kilikuwa na kazi hiyo miongoni mwa kazi zake, yaani kuhangaikia wachumaji na gharama zao. Mapinduzi ya 1964 yaliwagawia wananchi mashamba ya eka tatu tatu, na ZSTC ikaanza kazi mwaka 1968 ikiwa mnunuzi pekee. Mwenye shamba akabadilika, mnunuzi akabadilika, lakini buni la karafuu likishapevuka halimsubiri mtu. Likifunguka na kuwa ua, thamani yake imekwisha.

Kwa hiyo mkulima mwenye miti mia moja anawahitaji watu wote kwa wakati mmoja, na watu hao lazima walale mahali na wale kitu.

Mchumaji mgeni ana njia tatu za kuishi Mkoani. Anaweza kupanga kitanda kwenye nyumba ya mtu mjini au kijijini, akala kwa mama ntilie asubuhi, mchana na jioni. Anaweza kukaa kwenye banda la mwenye shamba, ambalo mara nyingi ni la miti, udongo na makuti, akapika mwenyewe kwenye mafiga yake matatu. Au anaweza kuungana na wenzake, wakakodi nyumba moja karibu na mashamba, wakaweka mpishi na kula kikoa. Neno kikoa wazee wanalijua vizuri: chakula cha shirika, kila mmoja akitoa fungu lake.

Njia ya kwanza ndiyo inayowavutia vijana, kwa sababu haina maandalizi. Mtu anashuka bandarini na mfuko wa nguo, anauliza kitanda, anauliza chai. Ni raha, lakini ni raha ya ghali.

Hesabu ya watu 12

Tuchukue mfano wa kundi la wachumaji 12 watakaokaa siku 30. Bei zilizotumika hapa ni za mfano, na kila kundi liweke bei za kijiji litakachokwenda. La muhimu ni mpangilio wa hesabu.

Anayekula kwa mama ntilie, tuseme chai na vitafunio ni shilingi 1,500, chakula cha mchana 3,000 na cha jioni 2,500. Hiyo ni shilingi 7,000 kwa siku, ambayo kwa mwezi inafika 210,000. Kitanda cha shilingi 2,000 kwa usiku ni 60,000. Jumla shilingi 270,000, kabla hajanunua sabuni wala vocha ya simu.

Sasa kundi lile lile likodi nyumba ya vyumba vitatu yenye uwa na mahali pa kupikia, kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Mtu mzima anayefanya kazi ya kupanda miti hula kiasi cha gramu 400 za mchele kwa siku. Kwa watu 12 na siku 30 hizo ni kilo 144. Lakini hakuna mtu wa Pemba anayekula wali siku zote, na hapo ndipo penye akiba ya kwanza. Theluthi moja ya milo ikiwa muhogo, ndizi, majimbi au sheli-sheli, mchele unashuka hadi magunia mawili ya kilo 50. Kwa shilingi 2,500 kwa kilo, magunia hayo ni shilingi 250,000, na vyakula vya shambani vikatengewa 90,000.

Kitoweo, yaani dagaa, samaki wanapopatikana, na maharage siku ambazo bahari ni chafu, kitengewe shilingi 10,000 kwa siku kwa kundi zima, ambayo ni 300,000. Nazi tano kila siku kwa shilingi 700 ni 105,000. Unga wa ngano kilo 60 kwa ajili ya mikate na chapati za asubuhi ni 120,000 kwa bei ya shilingi 2,000 kwa kilo. Sukari kilo 18 kwa shilingi 3,000 ni 54,000. Mafuta, chumvi, vitunguu, majani ya chai na vikorokoro vingine ni 81,000. Mkaa magunia matatu kwa shilingi 40,000 ni 120,000. Mpishi alipwe 180,000. Maji, sabuni na taa 60,000.

Ukijumlisha pamoja na kodi ya nyumba unapata shilingi 1,480,000. Kila mmoja wa wale 12 anachangia takriban 123,000 kwa mwezi mzima.

Tofauti kati ya 270,000 na 123,000 ni shilingi 147,000. Kwa mtu anayelipwa, tuseme, shilingi 2,000 kwa pishi na anayechuma pishi 10 kwa siku, hiyo ni kazi ya siku zaidi ya saba. Mwenye kula kwa mama ntilie anapanda miti wiki nzima kwa ajili ya kuwa hakukubaliana na wenzake kununua sufuria.

Wapo watakaosema kuwa chakula cha kambini si kizuri kama cha hotelini. Inategemea mpishi.

Siku ngapi ni za kwako?

Wengi hukosea kwa kuzidisha pato la siku moja mara 30. Siku 30 za kambini si siku 30 za kuchuma. Ijumaa wengi hupumzika. Vuli ikianza kumwagika kuanzia mwezi Oktoba, kuna asubuhi ambazo mti umelowa na tawi linateleza, na mwenye akili hapandi. Kuna homa, kuna msiba, kuna siku mwenye shamba amekwisha na shamba jingine halijapatikana. Mpangaji mwangalifu ahesabu siku 22.

Siku 22 kwa shilingi 20,000 ni shilingi 440,000. Mchumaji aliyetoka Unguja, kama nauli yake ya kuja na kurudi pamoja na mizigo ni shilingi 70,000, atabaki na 247,000 akiwa kwenye jiko la pamoja, na 100,000 akiwa anakula nje. Yaani wa kwanza anarudi kwao na karibu mara mbili na nusu ya mwenzake, ingawa wamechuma pishi sawa kutoka miti ile ile.

Sasa chukua mwezi mbaya. Mvua zimezidi, siku za kuchuma ni 15 tu, pato ni shilingi 300,000. Wa jiko la pamoja, baada ya chakula, malazi na nauli, anabaki na 107,000. Wa pili anadaiwa 40,000. Huyu ndiye anayeonekana bandarini akiomba kusaidiwa tiketi, au anayebaki Pemba bila kupenda hadi shamba jingine liive.

Hesabu hiyo inaweza kusemwa kwa namna nyingine ambayo wachumaji wenyewe huielewa haraka. Kwenye jiko la pamoja, siku 10 za mwanzo mtu anafanyia kazi tumbo, kitanda na nauli, na kuanzia siku ya 11 anajifanyia mwenyewe. Anayekula nje huanza kujifanyia mwenyewe siku ya 18. Kambi ikiwa na siku 22 tu za kuchuma, mtu huyo ana siku tano.

Kwa mwenyeji wa Mkoani anayetoka kijiji kimoja kwenda kingine, nauli ya boti haipo na hesabu inampendelea zaidi. Hata hivyo yeye naye ana gharama iliyojificha: nyumbani kumebaki watu wanaokula. Akituma 5,000 kila siku kwa simu bila mpango, kwa mwezi ametuma 150,000. Afadhali aache gunia la mchele nyumbani kabla ya kuondoka.

Mtaji wa kuanzia

Ugumu wa jiko la pamoja uko mwanzoni. Kabla pishi ya kwanza haijalipwa, kundi linatakiwa kuwa na fedha mkononi. Katika mfano wetu kodi ni shilingi 120,000, gunia la kwanza la mchele 125,000, mkaa 40,000, unga, sukari na mafuta ya wiki ya kwanza 85,000, na kitoweo cha siku tano 50,000. Jumla 420,000, sawa na shilingi 35,000 kwa kila mtu. Kiasi kinachobaki, ambacho ni karibu 88,000 kwa kila mmoja, kinaweza kuchangwa shilingi 22,000 kwa wiki kwa wiki nne.

Shilingi 35,000 si fedha nyingi, lakini ndizo zinazokosekana. Na zikikosekana, mlango uliobaki wazi ni wa duka la kijijini na daftari lake.

Mwenye duka hana kosa kukopesha. Naye ananunua magunia yake kwa fedha taslimu Mkoani au Chake Chake, analipa usafiri, na anajua baadhi ya wageni huondoka usiku. Kwa hiyo huongeza bei. Mchele wa shilingi 2,500 taslimu ukiandikwa kwenye daftari kwa 2,800, magunia mawili yamepanda kwa shilingi 30,000. Ongezeko la aina hiyo likienda kwenye sukari, unga na mafuta, kambi imelipa mpishi wa pili ambaye hapiki.

Kwa wafanyabiashara wadogo wanaosoma kurasa hizi, kambi iliyojipanga ni mteja bora kuliko watu 12 wanaonunua robo robo. Mwenye duka anayeweza kukubaliana na kambi mapema, akapokea malipo kila Alhamisi jioni na kupunguza shilingi 100 kwenye kilo, huuza magunia kwa uhakika na halali akiwaza deni. Apate jina la msimamizi mmoja wa kambi, na daftari liandikwe nakala mbili, moja ikae kambini. Ugomvi mwingi wa mwisho wa msimu hutokana na daftari moja linaloonwa na upande mmoja.

Kundi lisilo na uwezo wa kuanza na 35,000 kila mtu linaweza kumwomba mwenye shamba awatangulizie gunia la kwanza, likatwe kwenye malipo ya wiki ya kwanza kwa bei ya taslimu. Wakulima wengi hukubali, maana wanajua mchumaji aliyekwisha kula mchele wao hatahamia shamba la jirani kesho yake.

Nyumba ya bure si ya bure

Baadhi ya wenye mashamba hutoa banda na maji bila kodi, kisha hupunguza bei ya pishi kidogo. Shilingi 100 kwa pishi husikika kama si kitu. Lakini wachumaji 12 wakichuma pishi 10 kila mmoja kwa siku 22, hizo ni pishi 2,640. Shilingi 100 kwa kila pishi ni 264,000. Banda la makuti limekodishwa kwa zaidi ya mara mbili ya kodi ya nyumba ya vyumba vitatu. Kundi linaloweza kuzidisha kwa kalamu kabla ya kukubali litaokoa 144,000 hapo hapo.

Punguzo ambalo ni haki kwa banda hilo haliwezi kuzidi shilingi 45 kwa pishi, kama nyumba ya kukodi ingegharimu 120,000. Zaidi ya hapo, walipe kodi kwa fedha na wadai bei kamili ya pishi.

Kuna pia suala la pishi yenyewe. Kipimo kinachofutwa juu kwa mkono si sawa na kinachojazwa hadi kilele. Mchumaji ambaye kila pishi 10 zake huhesabiwa 9 hupoteza shilingi 2,000 kwa siku, yaani 44,000 kwa siku 22, ambazo ni zaidi ya theluthi ya gharama yake yote ya kuishi. Kipimo kionwe na kukubaliwa siku ya kwanza, mbele ya watu, wakati ule ule wa kukubaliana malazi.

Upande wa mkulima nao una hesabu yake, na si haki kumwona kama mtu wa kukamua tu. Karafuu mbichi hupoteza karibu theluthi mbili ya uzito wake inapokauka, kwa hiyo kilo tatu alizolipia kuchumwa zinampa kilo moja ya kupeleka kituoni. Serikali ilipopandisha bei mwaka 2011 na kuahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, hali ilibadilika, na kwa miaka mingi iliyofuata daraja la kwanza lilinunuliwa kwa shilingi 14,000 kwa kilo. Bei hiyo ndiyo iliyopandisha nayo madai ya wachumaji. Mkulima anayelipa vizuri lakini wachumaji wake wanalala mbali, wanafika saa tatu asubuhi na kuondoka alasiri, hupoteza saa ambazo hawezi kuzinunua tena.

Ndiyo maana mkulima mwenye miti mingi hufanya vyema kutengeneza makazi yenye choo, kisima kilichofunikwa na paa lisilovuja, hata kama hayamwingizii kodi. Kazi ya karafuu haiishi jua linapotua. Baada ya kuchuma huja kuchambua, kutenga buni na makonyo, kazi inayofanywa kwa taa hadi usiku. Wachumaji wakiwa kwenye makazi ya shamba, uchambuzi hufanyika siku ile ile, na asubuhi karafuu huwa tayari kwenye majamvi. Zikilala kwenye gunia bila kuchambuliwa huchachuka, zikikauka hupauka, na daraja hushuka. Makonyo nayo yana mnunuzi, kwa ajili ya mafuta yanayotengenezwa katika kiwanda cha ZSTC cha Wawi, Chake Chake.

Paa hilo hilo ndilo linalookoa karafuu vuli inapovamia mchana. Watu 12 walio karibu na majamvi huyakunja kwa dakika chache. Watu walio mjini hawawezi.

Mpishi na mambo ya ndani

Katika kambi zilizozoea, mpishi ni mama wa kijijini ambaye naye ana majukumu yake, na malipo yake yasiachwe kuwa ya huruma. Shilingi 180,000 zilizotajwa juu ni 15,000 tu kwa kila mla chakula. Wachumaji wanaojaribu kupika kwa zamu ili kuokoa kiasi hicho hugundua kuwa kila siku mmoja wao hapandi mti. Siku moja ya mchumaji ni 20,000, na kwa siku 22 hizo ni 440,000 zilizopotea ili kuokoa 180,000.

Mpishi apewe fedha za kitoweo asubuhi, si jioni. Samaki na dagaa huwa rahisi mashua zinaporudi, na anayekwenda sokoni saa kumi jioni hununua mabaki kwa bei ya asubuhi. Chakula kikubwa kiwe cha jioni, kabla ya kuchambua. Mchana shambani muhogo wa kuchemsha na chai ya chupa hutosha, na huondoa safari ya kwenda na kurudi nyumbani. Kambi iliyo karibu na minazi itumie makumbi na vifuu kwa moto wa asubuhi, ibakishe mkaa kwa wali. Tawi la mkarafuu lisikatwe kwa kuni, hata lile linaloonekana limekauka, bila ruhusa ya mwenye shamba. Mikarafuu inalindwa na sheria, na ugomvi wa tawi moja umewahi kuvunja kambi.

Vyombo vikinunuliwa vipya hupandisha mtaji. Masufuria mawili makubwa, upawa, mbuzi ya kukunia nazi, ndoo na karai vinaweza kuazimwa au kuletwa kutoka nyumbani, kila mtu chombo kimoja. Kila mtu aje na sahani yake, kikombe, shuka na chandarua. Malaria imepungua sana Zanzibar tangu miaka ya 2000, lakini watu wanaokaa nje kwenye taa hadi usiku wakichambua, tena waliotoka sehemu mbalimbali, ndio wa kwanza kuupata ugonjwa huo unaporudi. Siku nne za homa ni 80,000. Maji ya kunywa yachemshwe, na choo kiwe mbali na kisima. Kipindupindu kikiingia kambini hakiulizi ni wiki ya ngapi.

Mgeni anapofika aripoti kwa sheha akiwa na kitambulisho. Hii si adabu tu. Msimu wa karafuu ni msimu wa wizi na wa magendo kwenda nje ya nchi, na mtu asiyejulikana anayelala karibu na pwani na gunia chini ya kitanda hujibu maswali mengi. Kambi iliyoandikishwa, yenye orodha ya majina na jina la shamba inalofanyia kazi, hupata pia msaada inapodhulumiwa malipo, au mtu anapoanguka mtini. Fidia kwa wachumaji walioanguka imekuwa ikilipwa kupitia fedha za maendeleo ya karafuu, lakini anayedai lazima ajulikane alikuwa wapi na akifanya kazi ya nani.

Kuanguka ni jambo ambalo hakuna bajeti inayolimaliza. Kambi nyingine hutenga shilingi 2,000 kwa mtu kila wiki, ambazo kwa watu 12 na wiki nne ni 96,000, kwa ajili ya gari la kwenda hospitali usiku. Isipotumika, hurudishwa siku ya kuvunja kambi.

Ramadhani nayo huzunguka. Kati ya mwaka 2010 na 2015 iliangukia Juni, Julai na Agosti, na kambi zililazimika kupanga upya jiko zima: daku, futari, tende na sukari zaidi, na kuchuma asubuhi tu. Kwa miaka hii ya katikati ya 2020 mwezi huo unaangukia kabla ya mavuno makubwa, kwa hiyo hesabu ya siku 22 inasimama.

Siku ya mwisho, msimamizi husoma daftari mbele ya wote: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mchele uliosalia hugawanywa kwa pishi ile ile ya karafuu, mkaa huachiwa mpishi. Masufuria hubaki kwa mwenye nyumba hadi msimu mwingine, jina la kambi likiwa limechorwa chini yake kwa msumari.